BUA LIKIOZA SHAMBANI, UJI WA MTOTO HUINGIA SUMU



Mwezi huu tutaongea juu ya mbegu za mahindi. Najua wapo watakaosema, "Je, muuguzi naye amekuwa bwana shamba?" La hasha. Bwana shamba ana kazi yake na mimi nina yangu. Lakini kuna kitu kinachotuunganisha sisi wawili, nacho ni bakuli la uji. Kilichooza shambani hufika jikoni, na kilichofika jikoni huingia tumboni mwa mtoto. Kisha mama huja kliniki na kadi ya mtoto mkononi, na mstari wa uzito umelala badala ya kupanda. Mtoto hana homa, haharishi, ananyonya, uji anakunywa, lakini hakui.

Sababu za mtoto kutokukua ni nyingi, na nyingine tumekwisha kuzieleza katika ukurasa huu. Mwezi huu tutaangalia moja ambayo haionekani kwa macho: sumu itokanayo na kuvu. Nitaeleza namna bua la hindi linavyooza, namna wataalamu wanavyotafuta mbegu inayostahimili ugonjwa huo, na sehemu ya kazi ambayo hakuna mtaalamu atakayetufanyia, bali imebaki mikononi mwetu.

UGONJWA WENYEWE

Kila mkulima ameuona. Shamba lilikuwa zuri, mahindi yametoa ndevu, punje zimeanza kujaa. Mara, ndani ya siku chache, mimea kadhaa inageuka rangi ya kijivu kana kwamba imebabuliwa na moto. Majani yananing'inia, na hindi linainama kabla ya wakati wake. Upepo ukivuma, mabua yanalala chini. Ukibonyeza pingili za chini kwa vidole, zinabonyea. Ukilipasua bua kwa kisu, utaona nyama ya ndani imeoza, zimebaki nyuzi tu. Mara nyingine ndani mna rangi ya waridi. Mara nyingine kuna vidoa vidogo vyeusi juu ya ganda la pingili. Na katika sehemu zenye joto na ukame, ndani ya bua huwa kama pamepakwa masizi.

Wengine husema ni jua, wengine mvua, na wengine hata husema ni jicho baya la jirani. Ndugu zangu, tuwaache majirani zetu kwa amani. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, tena si aina moja. Inayojulikana sana huitwa fusariamu, na nyingine huitwa diplodia. Kuvu hizi hukaa katika udongo na katika mabaki ya mabua ya msimu uliopita. Huingia katika mmea kwa njia ya mizizi, kwa majeraha ya jembe au mvua ya mawe, na hasa kwa matundu yaliyotobolewa na funza wa mabua.

Kwa nini mmea huanguka wakati ule ule wa kujaza punje? Hapa akina mama mtaelewa upesi. Hindi linapojaza punje huhitaji sukari nyingi, na sukari hiyo hutengenezwa na majani. Ikiwa majani yameshindwa kutengeneza ya kutosha, kwa sababu ya ukame, mawingu ya siku nyingi, magonjwa ya majani au mimea kusongamana mno, hindi haliachi kudai. Hunyonya akiba iliyomo ndani ya bua. Ni kama mama anayenyonyesha bila kula vizuri: mtoto anapata maziwa, lakini mwili wa mama ndio unaolipa. Bua lililokwisha akiba yake halina nguvu ya kupigana na kuvu.

KUTOKA KWENYE BUA HADI KWENYE BAKULI

Hasara ya kwanza ya ugonjwa huu ni magunia yanayopotea. Hasara ya pili haipimwi kwa debe. Kuvu ya fusariamu haiishii katika bua. Yaweza kupanda ndani ya mmea hadi kwenye hindi, au kuingia kwa njia ya ndevu, au kufuata njia za funza. Tena hindi lililolala chini pamoja na bua lake hugusa udongo na unyevu, likaoza upesi. Ikiwa ndani ya punje, kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo fumonisini. Sumu hii ilitambuliwa mwaka 1988 na watafiti wa Afrika Kusini, kutokana na kuvu iliyopatikana katika mahindi ya Transkei, nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wakiugua saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula kutoka kooni kwenda tumboni.

Kuhusu saratani hiyo wataalamu bado wanasema kwa tahadhari: mwaka 2002 fumonisini iliwekwa katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kwa wanyama mambo ni wazi zaidi. Farasi akila mahindi yenye sumu hiyo kwa wingi huharibika ubongo, na nguruwe hujaa maji mapafuni.

Na watoto wetu je? Hatuna haja ya kwenda mbali. Katika wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafuatilia watoto wachanga walioanzishiwa uji wa mahindi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Watoto waliopata fumonisini kupita kiwango kinachokubalika, walipofikisha mwaka 1 walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Gramu 328 kwa mtoto wa mwaka mmoja si jambo dogo. Muuguzi yeyote anayepima watoto anajua ni miezi mingapi mama huhangaika ili kuzipata.

Akina mama wajawazito nao wahusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa mpakani mwa Marekani na Meksiko ambako watu hula sana mikate ya mahindi, ulihusisha sumu hii na watoto kuzaliwa wakiwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Hii ni sababu nyingine ya kuhudhuria kliniki mapema na kumeza vidonge vya foliki asidi na madini ya chuma kama unavyoelekezwa.

Tusichanganye mambo. Kuna sumu nyingine, ndugu ya hiyo, iitwayo aflatoksini. Hiyo huletwa na kuvu nyingine, ambayo hustawi katika mahindi yaliyopatwa na ukame shambani au yaliyohifadhiwa mabichi. Aflatoksini yaweza kuua kwa muda mfupi. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui. Hapa Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafa. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini. Sumu hizi zote kwa pamoja huitwa sumukuvu, na mara nyingi hukutwa pamoja katika debe moja la mahindi.

Sasa sikilizeni neno hili. Sumukuvu haziishi kwa kupika. Uji uchemke saa nzima, ugali uive mpaka ukauke, hindi lichomwe mpaka liwe jeusi, sumu kwa sehemu kubwa inabaki. Wala kuyapeleka mahindi mabovu kwenye pombe siyo dawa, maana sumu huhamia ndani ya pombe. Ndiyo maana vita hivi haviwezi kupiganwa jikoni peke yake. Lazima vianzie kwenye mbegu.

WATAALAMU HUTAFUTAJE MBEGU YENYE BUA IMARA?

Kazi hii ina historia ndefu. Katika jimbo la Iowa, Marekani, miaka ya 1930, mtaalamu aitwaye George Sprague alikusanya koo 16 za mahindi zilizosifika kwa mabua imara, akazichanganya ziwe jamii moja. Kutoka katika jamii hiyo wataalamu waliendelea kuchagua na kuchagua, na mwaka 1972 ukatolewa ukoo ulioitwa B73, ambao umekuwa mzazi wa mbegu nyingi sana duniani. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita katikati: ni karibu 40. Mbegu njema haipatikani kwa haraka.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, kituo cha Kitale nchini Kenya kilitoa mwaka 1964 mbegu chotara ya H611, iliyopatikana kwa kuoza mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Naposema kuoza hapa nina maana ya kufungisha ndoa, siyo kuharibika! Tanzania nayo ina vituo vyake vya utafiti, kama Uyole huko Mbeya, Ilonga huko Kilosa na Selian huko Arusha. Mbegu kama Staha, Kilima na TMV-1 zinajulikana kwa wakulima wetu wengi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mtaalamu hupanda koo nyingi, mamia kwa mamia, kila moja katika mstari wake. Kisha hufanya jambo ambalo mkulima hawezi kulifanya kwa hiari: huzitia ugonjwa kwa makusudi. Huchukua vijiti vidogo kama vile vya kuchokolea meno, akaviotesha kuvu, halafu baada ya mahindi kutoa ndevu hutoboa kila bua katika pingili ya chini na kuchomeka kijiti. Kwa nini asingoje ugonjwa uje wenyewe? Kwa sababu mwaka mwingine ugonjwa hauji, na mmea dhaifu ukaonekana hodari kwa vile tu haukujaribiwa.

Baada ya wiki kadhaa hurudi na kisu. Hupasua mabua na kuhesabu ni pingili ngapi zimeoza. Pengine ukoo mmoja umeoza pingili tano, na mwingine kuvu imekomea pale pale ilipochomekwa. Mimea ya ukoo huo wa pili ndiyo hutunzwa kwa mbegu. Katika majira yanayofuata hufunikwa kwa mifuko ya karatasi, mbelewele kwa mfuko wake na hindi changa kwa wake, ili chavua ya mmea ianguke juu ya ndevu za mmea huo huo na isiingiliwe na ya jirani. Hurudiwa hivyo vizazi sita au saba mpaka ukoo utulie, yaani watoto wote wafanane. Hapo ndipo koo mbili zilizo njema huoanishwa, na mtoto wao hujaribiwa sehemu nyingi, milimani na bondeni, miaka ya mvua na ya ukame, kabla mkulima hajauziwa mfuko mmoja.

Siku hizi kuna njia ya kufupisha. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo huko Kiboko nchini Kenya ambako ukoo uliotulia hupatikana kwa majira mawili au matatu tu badala ya sita au saba. Hata hivyo kupasua bua na kuangalia kwa macho hakujaachwa.

NI NINI HULIFANYA BUA LISIOZE?

Jibu ni kwamba sababu ni nyingi na kila moja husaidia kidogo. Kuna mahindi yenye ganda nene la bua, hayaanguki hata kama ndani kumeanza kuharibika. Kuna yale ambayo majani yake hubaki mabichi mpaka mwisho, nayo huendelea kulilisha hindi bila kunyonya akiba ya bua. Kuna yanayomsumbua funza, asipate kutoboa kwa urahisi. Na kuna yale ambayo hindi lake limefunikwa vizuri na maganda mpaka nchani, na likikauka huinama chini ili maji ya mvua yasiingie.

Kwa sababu nguvu hiyo imegawanyika katika vinasaba vingi, si rahisi kuikusanya yote katika mbegu moja. Ulinganishe na ugonjwa wa kutu ya majani ulioingia Afrika ya Magharibi mwaka 1949 na kufika Afrika ya Mashariki mwaka 1952. Huko Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu Storey na wenzake walipata katika mahindi ya Amerika kinasaba kimoja chenye nguvu ya kuizuia. Lakini haukupita muda mrefu ikaonekana aina nyingine ya kutu iliyoweza kukiruka kizuizi hicho. Mlango wenye komeo moja, mwizi akilipata jinsi ya kulifungua, ameingia. Ulinzi dhidi ya kuoza bua ni kama boma la miti mingi: hakuna mti mmoja unaozuia peke yake, na kulijenga huchukua muda, lakini si rahisi kuvunjwa lote kwa siku moja.

Basi ndugu msomaji, muuzaji akikuambia mbegu yake haiugui kabisa, usimwamini. Mbegu inayostahimili maana yake ni mbegu inayopungukiwa na ugonjwa, siyo isiyougua. Tena mbegu inayostahimili kuvu ya aina moja yaweza kuzidiwa na ya aina nyingine, na bua imara halina hakika ya kuleta hindi safi. Mwulize bwana shamba mbegu ipi imejaribiwa katika ukanda wenu, nunua kwenye duka linalojulikana, na angalia lebo ya TOSCI juu ya mfuko. Na hapa nasema kama muuguzi: mbegu za dukani zenye rangi zimepakwa dawa. Zikibaki, zisisagwe, zisipikwe, wala kupewa kuku. Kuziosha hakuziondolei sumu.

MBEGU HUCHAGULIWA SHAMBANI, SI GHALANI

Familia nyingi hazina uwezo wa kununua mbegu kila mwaka. Nazijua, na siwezi kuandika kana kwamba hazipo. Kama unapanda chotara, mbegu ya kuvuna mwenyewe itakupunguzia mazao, maana watoto wake hawafanani na wazazi. Lakini kama unapanda mbegu ya kienyeji, au zile za kuchavuka zenyewe kama Staha na Kilima, unaweza kutunza mbegu yako, na unaweza hata kuiboresha.

Kosa linalofanyika nyumba nyingi ni hili: mahindi yakishafika nyumbani, mama au bibi huketi penye lundo na kuchagua mahindi makubwa kwa ajili ya mbegu. Hindi ni kubwa kweli, lakini je, bua lake lilikuwaje? Labda lililala. Labda lilikuwa na matundu ya funza. Labda lilisimama peke yake penye samadi, ndiyo maana likanenepa. Ghalani hindi haliwezi kueleza habari za bua lake.

Fanya kama wataalamu, kwa uwezo wako. Majuma machache kabla ya kuvuna, pita katikati ya shamba, siyo pembezoni ambako chavua ya jirani imeingia. Tafuta mimea iliyosimama wima katikati ya wenzao, yenye majani yaliyobaki mabichi zaidi, isiyo na matundu, na yenye hindi lililofunikwa vizuri. Bonyeza pingili ya chini, ikibonyea, pita. Isipobonyea, funga kamba ya mgomba au kitambaa. Weka alama kwenye mimea mingi, 200 au zaidi kama shamba linaruhusu, maana ukichagua michache mno mbegu hudhoofika baada ya miaka. Yaliyofungwa kamba yavunwe kwanza na kukaushwa peke yake, na uondoe lolote litakaloonekana lina kuvu. Wafundisheni watoto kazi hii, wana macho makali. Usitegemee muujiza wa mwaka mmoja. Lakini miaka mitano ya kuchagua hivyo si sawa na miaka mitano ya kuchota tu ghalani.

KULINDA SHAMBA

Mbegu imara ikipandwa vibaya huanguka vile vile. Kwa hiyo usisonganishe mimea kupita kipimo ulichoelekezwa. Usitie mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia peke yake mwaka baada ya mwaka. Samadi na majivu huupa udongo vitu vingine ambavyo bua huvihitaji. Badilisha mazao, mwaka mmoja mahindi, mwaka mwingine maharage, mbaazi au alizeti. Mabua yaliyooza yasiachwe juu ya ardhi yakingojea mahindi ya mwaka ujao. Yafukiwe au yaozeshwe vizuri katika shimo la mboji. Pambana na funza mapema. Na yakikauka, vuna. Usiyaache mahindi yaliyokomaa yakinyeshewa shambani kwa sababu ya shughuli nyingine, hata ziwe sherehe za harusi.

GHALANI NA JIKONI

Huko huko Rombo, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba familia zilizofuata taratibu chache za nyumbani zilipunguza sumukuvu katika chakula cha watoto kwa zaidi ya nusu, na watoto wao walikuwa na uzito bora kuliko wa familia nyingine. Taratibu zenyewe ni hizi:

1. Chambua kwa mkono. Mahindi yenye ukungu, yaliyotobolewa, yaliyovunjika au kubadilika rangi yatengwe kabla ya kupukuchua, na punje zichambuliwe tena kabla ya kusaga. Huko Transkei, kuchambua na kuosha punje tu kulipunguza fumonisini iliyoingia mwilini mwa watu kwa asilimia 62.

2. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja, siyo juu ya udongo mtupu.

3. Kausha sawasawa. Kipimo cha bure ni hiki: tia chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, ongeza punje mpaka theluthi moja, funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi.

4. Zuia wadudu. Tumia dawa ya ghala iliyoruhusiwa na kwa kipimo chake, au mifuko ile isiyopitisha hewa. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

5. Koboa kabla ya kusaga. Sumu nyingi imo katika ganda na kiini, yaani katika pumba. Dona lina sifa zake, lakini dona la mahindi yasiyochambuliwa ni hatari, hasa kwa mtoto.

Naongeza mambo mawili ya kliniki. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, na akianza kula asitegemee mahindi tu. Ulezi, ndizi, viazi, maharage, mboga na yai vina nafasi yake. Na wale wanaochanganya unga wa lishe wakumbuke kuwa karanga nazo hupatwa sana na aflatoksini. Zichambuliwe moja moja. La pili, usikose chanjo za mtoto. Mojawapo humkinga na homa ya ini, na ini lenye ugonjwa huo huumizwa zaidi na aflatoksini.

Mkiona katika nyumba watu wawili au zaidi wana macho ya manjano, tumbo kuuma au kuvimba, kutapika na mkojo wenye rangi ya chai nzito, msingoje. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mchukue unga kidogo mliokuwa mkiula. Acheni kula unga huo mpaka mtakapoambiwa.

NENO LA MWISHO

Kuna desturi moja inayoniuma. Mavuno yakija, mahindi mazuri hupelekwa sokoni na mabovu hubaki nyumbani. Kati ya yale mabovu, mengine huwa ni unga wa uji wa mtoto, mengine huwa posho ya kibarua, na mengine, Mungu atusamehe, huletwa kanisani kama sadaka ya mavuno na kuishia katika jiko la watoto yatima. Najua shida ya fedha. Ada ya shule haingoji. Lakini mtu mzima akila sumu kidogo, mwili wake ni mkubwa. Mtoto wa miezi minane akila kiasi kile kile, ni nyingi kwake. Basi gunia la kwanza kutengwa, lililochambuliwa vizuri kuliko yote, liwe la mtoto. Yaliyooza yafukiwe. Ng'ombe wa maziwa naye asipewe, kwa kuwa aflatoksini hurudi kwetu kupitia maziwa.

Wataalamu wa mbegu wamefanya sehemu yao na wanaendelea. Wametupunguzia ugonjwa, hawakuumaliza, na hawana njia ya kuumaliza peke yao. Baba anayefunga kamba kwenye bua lililosimama wima, bibi anayetenga hindi lenye ukungu, binti anayekoboa kabla ya kusaga, hao wote wanaifanya kazi ile ile moja. Waswahili husema mpanda ovyo hula ovyo. Msimu ujao tusipande ovyo, wala tusichague ovyo.

Kama jumuiya yenu ndogo ndogo ingependa kuonyeshwa kipimo cha chumvi na namna ya kuchambua, mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji pamoja na bwana shamba waje siku moja. Kazi hiyo haichukui saa moja.

Mungu azibariki mbegu zenu, mashamba yenu na mabakuli ya watoto wenu. Mpaka mwezi ujao, tukijaliwa.